Pumzi ya Akiba Chini ya Maji: Nani Aichukue, na ya Kiasi Gani?

Asili ya mkanganyiko

Mtu aliyehitimu mafunzo ya awali ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, akapewa cheti kinachomruhusu kushuka mita 18, hutoka mikononi mwa mwalimu wake akiwa na itikadi moja iliyokaa imara moyoni, kwamba hewa ikimwishia chini ya maji, pumzi yake ya pili imo mgongoni mwa mwenza wake. Haupiti muda mrefu akakutana na mwuza vifaa amwonyeshaye chupa ya manjano isiyotimia dhiraa moja kwa urefu, ya kubebwa kiunoni, naye akamwambia kwamba mwenye chupa hii hamhitaji mtu. Akizungumza na wapiga mbizi wa Uingereza husikia kwamba kwao ni desturi ya watu wengi kutoshuka katika maji marefu bila ya mtungi wa pili wa lita 3 uliofungwa ubavuni mwa ule mkubwa. Na akizungumza na waliofunzwa kwa kaida za mapango ya Florida huambiwa kwamba mtungi mdogo ni alama ya mtu asiyejua kupanga mbizi yake. Kila mmoja katika hawa husema kwa yakini, na kila mmoja ana ushahidi wa kutoa, hata mwanafunzi yule akabaki baina ya rai nne asijue aishike ipi.

Jambo lenyewe si la anasa wala la mabishano ya kupitisha wakati, kwa maana binadamu aliye mita 30 chini ya maji hana nafasi ya kufikiri upya. Kwa hiyo yafaa swali lifunguliwe fundo kwa fundo: hewa hukatika kwa sababu gani, kila akiba huponya sababu ipi, na gharama yake ni nini. Sehemu kubwa ya mkanganyiko, kwa kadiri inavyoonekana, hutokana na watu kutaja neno moja, akiba, ilhali kila mtu ana msiba wake anaoufikiria.

Namna pumzi inavyokatika

Kipumulio cha siku hizi kina sehemu mbili. Ya kwanza ni kichwa, kinachokazwa juu ya koki ya mtungi na kuteremsha mgandamizo mkubwa wa hewa iliyomo. Ya pili ni mdomo, unaoshikwa kwa meno na kumpa mtu hewa kila anapovuta. Baina ya viwili hivyo upo mpira mrefu wa kupitishia hewa, na mpira mwingine hupeleka habari kwa geji, ambayo humwonyesha mwenyewe kiasi kilichobaki.

Hewa inaweza kumkatikia mtu kwa njia tatu zisizofanana. Njia ya kwanza ni kuimaliza: mtungi ulikuwa mzima, kipumulio kilikuwa kizima, lakini macho hayakurejea kwenye geji kwa wakati wake. Njia ya pili ni hitilafu ya chombo: pete ya mpira iliyo baina ya kichwa na koki hupasuka, au mpira wa hewa huchanika, au kichwa huganda kwa baridi na kuanza kumwaga hewa bila ya kikomo, jambo linalojulikana sana katika maji ya chini ya nyuzi 10 kama yale ya maziwa ya Ulaya wakati wa kipupwe, na ambalo ni nadra katika Bahari yetu ya Hindi yenye nyuzi 25 hadi 29. Hapa ifahamike jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba vipumulio vya kisasa vimeundwa hivi kwamba vikiharibika aghalabu huharibika kwa kufunguka, si kwa kufunga. Mwenye chombo kibovu huona povu jingi kabla hajakosa pumzi, naye anaweza kuendelea kunywa hewa katika povu hilo kwa muda mfupi. Njia ya tatu ni koki iliyofunguliwa nusu mashuani: juu ya maji mtu hupumua vyema, akifika mita 20 ambako kila pumzi huhitaji hewa mara tatu, huhisi kama aliyefungwa kifua.

Kwa kuwa hoja za pande zote huegemea takwimu, yafaa itajwe ile inayotajwa kuliko zote. Mwaka 2008 Petar Denoble na wenzake wa shirika la Divers Alert Network walichapisha uchunguzi wa vifo 947 vya wapiga mbizi wa starehe. Katika vifo ambavyo kianzio cha ajali kiliweza kutambulika, asilimia 41 vilianza kwa upungufu wa hewa, asilimia 20 kwa mtu kunaswa, na asilimia 15 kwa matatizo ya vifaa. Lakini walipouliza ni tendo gani lililofuata na kuleta madhara, jibu kubwa lilikuwa kupanda juu kwa dharura, asilimia 55. Nambari hizi zitarejewa mbele, kwa sababu kila upande huzisoma nusu.

Kijiti cha chuma na mikono ya pweza

Mwaka 1943, wakati Ufaransa ingali imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, Jacques-Yves Cousteau, afisa wa jeshi la majini, na Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, walitengeneza kipumulio kinachompa mzamiaji hewa kwa kadiri ya haja yake na kwa mgandamizo ulio sawa na wa maji yanayomzunguka. Na asili ya chombo hicho ilikuwa koki ambayo Gagnan aliibuni ili magari yaendeshwe kwa gesi, maadamu petroli ilikuwa adimu kwa sababu ya vita. Wapiga mbizi wa kizazi kile walishuka bila ya geji. Akiba yao ilikuwa ndani ya koki yenyewe: palikuwa na springi iliyozuia sehemu ya mwisho ya hewa, mtungi ukikaribia kwisha pumzi ikawa nzito, na mtu akapeleka mkono nyuma ya mgongo, akakivuta kijiti cha chuma kilichoshuka mpaka usawa wa nyonga, hewa iliyofichwa ikafunguka.

Hila hiyo ilikuwa nzuri ila kwa dosari moja, nayo ni kwamba kijiti kiliweza kuvutwa na mwamba, au na kamba, au kusahauliwa kikiwa chini tangu mtungi ulipojazwa. Na mtu ambaye kijiti chake kimeshashuka haambiwi na chochote kwamba anainywa akiba yake. Pumzi ilipokuwa nzito, akanyoosha mkono, akakikuta kijiti kiko chini. Geji za kwenda nazo majini zilipoenea kote katika miaka ya 1970, kijiti kikatoweka, na badala yake ukaja mdomo wa pili uliounganishwa kwenye kichwa kile kile cha kipumulio, ambao kwa wingi wa mipira wapiga mbizi wa lugha nyingi waliupa jina la pweza. Hapo ndipo akiba ilipohama kutoka mtungi wangu kwenda mtungi wako, na hapo ndipo mjadala wa leo ulipozaliwa.

Rai ya kwanza: mwenza ndiye akiba

Wenye rai hii ndio wengi, na mashirika makubwa ya mafunzo yameijenga elimu yao juu yake. Kila mtu huchukua mdomo wa ziada wa rangi ya manjano, ukafungwa baina ya kidevu na mbavu ili mwenye shida auone upesi. Mwenye shida huashiria kwa mkono uliopitishwa kooni, hupewa, hushikana mikono na mwenza, na wote wawili hupanda taratibu. Uzuri wa mpango huu ni mwingi. Hauongezi mzigo. Hauhitaji chombo kingine cha kukaguliwa wala kujazwa. Tena mwenza ana macho mawili, kisu na akili, vitu ambavyo mtungi hauna. Aliyenaswa na wavu wa wavuvi hasaidiwi na lita 600 za hewa za mtungi mdogo kama anavyosaidiwa na mtu aliye nyuma yake anayeiona kamba iliyomzonga, na tumekwisha ona kwamba kunaswa huanzisha ajali moja katika kila tano.

Udhaifu wake upo mahali pawili. Kwanza, mwenza ni akiba pale tu alipo karibu, na ukaribu unaotakiwa ni wa kupiga mapezi mara mbili tatu, kwa sababu mtu aliyetoa pumzi yake yote na kuvuta asipate kitu hana uwezo wa kuogelea mita 15 akimfuata mtu anayepiga picha za kasa. Katika maji maangavu ya kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, wenza huonana kwa mita 20 na zaidi, na kuonana huko ndiko kunakowahadaa, wakadhani ya kwamba kuonana ni kuwa pamoja. Pili, mdomo wa pweza hunywa katika kichwa kile kile na mtungi ule ule. Ni milango miwili ya nyumba yenye kisima kimoja. Kwa hiyo thamani yake yote hutegemea kilichobaki katika mtungi wa mwenza, na jambo hili watu hulichukulia kwa imani bila ya kulihesabu.

Walio katika mila ya mapango ya kaskazini ya Florida, ambako mzamiaji wa mapango Sheck Exley aliandika mwaka 1979 kitabu cha kanuni za usalama kilichoeneza ile kaida ya theluthi, theluthi moja ya hewa kwendea, moja ya kurudia, na moja ya dharura, wameusahihisha mpango huu kwa njia mbili. Hutoa mdomo ulio kinywani mwao, uliofungwa kwenye mpira wa mita 2 hivi, kisha wao wenyewe huvaa mdomo wa pili unaoning'inia shingoni. Maana wameona kwamba mtu aliyeshikwa na hofu hatafuti kitu cha manjano, hunyakua ule mdomo anaouona ukitoa mapovu. Na huihesabu hewa ya watu wawili kabla ya kushuka. Hoja yao dhidi ya mtungi mdogo ni kwamba kwa wenza waliofunzwa hivi ni mzigo wa bure. Hoja hiyo ni ya kweli kabisa kwa watu waliofunzwa hivyo. Wageni wanne waliokutanishwa asubuhi ile ile katika boti moja, kila mmoja na nchi yake na lugha yake, hawamo katika hukumu hiyo.

Rai ya pili: kupanda ndiyo akiba

Rai hii yafaa ipitwe upesi, kwa sababu wachache wanaitetea kama chaguo la kwanza. Mwanafunzi hufunzwa kwamba asipokuwa na mwenza karibu, naye hayupo chini zaidi ya mita 9 hivi, aogelee juu huku akitoa sauti bila ya kukoma ili hewa iliyo mapafuni itoke. Hewa hiyo hukua kwa kadiri mgandamizo unavyopungua, na kutoka mita 10 hadi juu ujazo wake huwa mara mbili. Mwenye kuizuia huweza kupasuka mapafu, na mapovu yakaingia katika mishipa ya damu na kufika ubongoni. Yamewahi kutokea madhara hayo hata kwa kina kisichotimia mita 2. Upande wa faida, mtungi unaoonekana mtupu chini hutoa pumzi kadhaa zaidi mtu anapopanda, kwani maji yanayomkandamiza yamepungua nguvu, na ndiyo sababu hafai kuutema mdomo wake. Akiba hii ina haki yake katika maji mafupi. Katika maji marefu ndiyo ile asilimia 55.

Rai ya tatu: mtungi wa pili

Wenye kuchukua hewa yao wenyewe wamegawanyika makundi mawili ambayo kwa bahati mbaya huzungumzwa kama moja. Wapo wa mtungi mdogo, aghalabu wa lita 3, wenye kipumulio chake kamili na geji yake. Na wapo wa ile chupa ya manjano, ambayo kubwa yake hubeba takriban lita 85 za hewa, na mdomo wake umekazwa juu yake moja kwa moja.

Desturi ya mtungi wa lita 3 ilipata nguvu Uingereza kwa sababu za maumbile. Maji ni baridi, vipumulio huganda. Maji ni machafu, wenza hupotezana katika mita 3. Na vitu vinavyotafutwa chini viko mbali, kama zile manowari za Ujerumani zilizozamishwa na mabaharia wake wenyewe huko Scapa Flow tarehe 21 Juni 1919, ambazo kuzifikia ni kushuka mpaka mita 35 na kuendelea. Katika hali hizo mwenza ni ahadi isiyoweza kutimizwa kila siku, na mtungi wa pili huiponya njia ya kwanza na ya pili pamoja, kwa kuwa hauna shirika na mtungi mkubwa katika chochote: si kichwa, si mpira, si hewa. Fauka ya hayo, unamwezesha mtu kupanda kwa mwendo wa kawaida wa mita 9 kwa dakika, akatua dakika 3 katika mita 5 ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke bila ya kufanya mapovu, akafika juu kama ambaye halikumpata jambo.

Lakini mtungi huu hauingii majini bila ya kuleta hatari zake, na wauzaji huzitaja kwa nadra. Ya kwanza ni kubadilisha midomo. Mzamiaji hukaa ukingoni mwa boti, mawimbi yanamtupa, ana midomo mitatu mbele ya kifua chake, akautia kinywani ule wa mtungi mdogo, akajitosa. Kwa mtu anayetumia lita 18 kwa dakika juu ya maji, lita 600 za mtungi huo uliojaa, katika kina cha mita 20, ni dakika 11 tu. Katika dakika ya kumi na moja hewa hukatika ghafla, naye huitazama geji ya mtungi mkubwa na kuiona imesimama kwenye baa 200 za mgandamizo, imejaa tele kama alivyotoka nayo bandarini. Hapo macho yake humwambia ana hewa na kifua chake humwambia hana, na mtu aliyepewa habari mbili zinazopingana katika hali ile huamini hofu. Dawa ni mdomo wa rangi mbali, uliofungwa mahali mbali, na kuitazama geji kubwa katika dakika 5 za mwanzo: ikiwa haikushuka hata kidogo, jambo liko kombo.

Ya pili ni suala la koki, ambalo mabingwa wenyewe hawajapatana. Ikiachwa wazi, mdomo usiotumika unaweza kuanza kumwaga hewa kimyakimya nyuma ya mgongo, mtungi ukafika mtupu siku unapohitajika. Ikifungwa, hewa iliyomo katika mpira huweza kunyonywa na tundu dogo, maji yakaingia kichwani mwa kipumulio, na mwenye shida itambidi kwanza aitafute koki kwa mkono unaotetemeka. Mtungi uliofungwa mgongoni hauna budi kuachwa wazi, kwa kuwa mkono hauifikii koki. Rai ya mwandishi huyu ni kwamba mtungi mdogo uning'inizwe ubavuni kushoto, ambako koki iko chini ya kiganja na geji iko mbele ya macho; uachwe wazi; na mdomo wake uvaliwe shingoni kwa ugwe laini wa mpira, ambako ukimwaga hewa masikio yatakuwa ya kwanza kujua.

Ya tatu ni ya tabia, nayo ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa wapinzani. Husema kwamba ikiwa chanzo kikuu ni kutotazama geji, basi kumpa asiyetazama geji mtungi wa pili ni kumwongezea dakika za kughafilika. Atauhesabu mtungi mdogo kuwa sehemu ya hewa ya safari, na akiba itakuwa imeliwa kwa nia. Hapa ndipo zile nambari za mwaka 2008 zinapotaka kusomwa zote mbili. Asilimia 41 humwunga mkono mpinzani, kwa sababu hewa huisha kwa uzembe zaidi ya kuisha kwa uharibifu. Asilimia 55 humwunga mkono mwenye mtungi, kwa kuwa anayekosa hewa huumizwa zaidi na safari ya kupanda mbio, na mwenye hewa yake hana sababu ya kupanda mbio. Mtungi wa pili, basi, haumzuii mtu kufanya kosa. Unazuia kosa lisiwe kifo. Hiyo ni faida kubwa, na kuikataa kwa hoja kwamba mtu hakustahili kukosea ni kumpa adhabu isiyolingana na kosa lake.

Hesabu ya lita

Maneno yote yaliyotangulia hayana mwisho mpaka yapimwe kwa lita. Tuchukue mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200, wenye lita 2,400 za hewa. Mtu aliyetulia hutumia lita 15 hadi 20 kwa dakika juu ya maji. Aliyeshtuka tumkadirie 30, na katika mita 30, ambako mgandamizo ni mara nne, hizo ni lita 120 kila dakika. Tumpe dakika moja ya kutambua na kujiweka sawa chini: lita 120. Kupanda hadi mita 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika humlia lita 230 hivi. Dakika 3 za kutua katika mita 5 ni lita 135, na kumalizia njia ni 20. Jumla ni zaidi ya lita 500 kwa mtu mmoja. Kwa watu wawili wanaokunywa katika mtungi mmoja ni lita 1,000 na kitu, yaani baa 85 za mtungi ule.

Sasa tulinganishe na agizo linalosikika katika kila boti, kwamba urudi na baa 50. Kwanza agizo lenyewe lina maana mbili, maana wapo wanaolifahamu kuwa ni kuanza kupanda wakiwa na 50 na wapo wanaolifahamu kuwa ni kufika botini wakiwa na 50, na tofauti ya hizo mbili ni tofauti ya kuwa na akiba na kutokuwa nayo. Pili, baa 50 za mtungi wa lita 12 ni lita 600. Katika mita 18 hesabu ile ile kwa watu wawili huleta lita 670 hivi, kwa hiyo 50 inakaribia kutosha. Katika mita 30 ni zaidi kidogo ya nusu ya haja. Wenza wawili walio mita 30, mmoja akiwa na baa 50 na mwingine akiwa hana kitu, wamekwisha kuwa watu wawili wenye hewa ya mmoja, wala hawajui.

Mtungi wa lita 3 uliojazwa baa 200 una lita 600, na mtu mmoja huhitaji 500 na ushei kutoka mita 30: unatosha, na ziada yake si kubwa. Wa lita 2 una 400, unatosha kutoka mita 18, hautoshi kutoka 30 ila mtu aache kutua. Chupa ya manjano yenye lita 85 humfaa mtu kutoka mita 12 bila ya kutua popote, kwani itamlia lita 64. Lakini katika mita 30, kwa mtu aliyeshtuka na anayepanda kwa mwendo salama, itakwisha kabla ya dakika moja kutimia, naye atakuwa bado mita 23 chini. Chombo hiki hakina ubaya katika maji mafupi. Ubaya ni kukiuza bila ya kutaja mita.

Mizani

Ukipima rai hizi kwa mahali zinapotumika, ugomvi wao mwingi hutulia. Kwa anayepiga mbizi za mita 10 hadi 18 katika maji maangavu na yenye joto, akiwa na mwenza wa kuaminika, mdomo wa pweza pamoja na hesabu ya hewa ya watu wawili ni akiba ya kutosha. Kumtwika mtungi wa kilo 5 anayejifunza bado kuelea sawasawa ni kumzidishia sababu za kuhangaika. Kubadilisha agizo la baa 50 likawa la kuanza kupanda na baa 80 au 90 kwa mbizi za mita 30 hakugharimu senti moja, na huokoa zaidi ya chombo chochote kinachouzwa. Inasikitisha kwamba ndilo badiliko linalozungumzwa kwa uchache.

Zipo hali ambazo hesabu hiyo peke yake haikidhi. Anayeshuka peke yake, au na mwenza asiyemjua, au katika maji ambamo mkono uliokunjuliwa hauonekani, hana mtungi wa pili ila ule alioubeba. Kadhalika anayefuata kuta za Pemba ambazo hushuka zikapotea katika weusi na mkondo wake hutenganisha watu kwa dakika chache, au anayeteremka kwenye mabaki ya Pegasus, ile manowari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg, manowari ya Wajerumani, katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ambayo imelala katika kina kinachokaribia mita 40. Huyo hata awe na mwenza hodari, mtungi wa lita 3 ni haki yake. Kikwazo chake ni cha safari: mashirika ya ndege kwa kawaida hayapakii mtungi ila uwe mtupu na koki yake imefunguliwa, na mgeni akifika huenda asipate wa kukodi. Vituo vinavyopeleka watu katika kina hicho vingefaa kuwa nayo mitungi hiyo michache, pamoja na vipumulio vyake, ikikaguliwa na kupimwa kwa zamu moja na mingine.

Yupo mmoja ambaye mijadala ya wageni humsahau, naye ndiye anayeshuka mara nyingi kuliko wote. Kiongozi wa mbizi, aghalabu kijana wa pwani hii hii, huongoza wageni wanne au zaidi, mara mbili kwa siku, msimu mzima. Kila mgeni akiishiwa humwendea yeye. Mtungi wake ni akiba ya watu wanne, na akiba yake yeye ni mgeni ambaye pengine hii ni mbizi yake ya tano tangu azaliwe, aliye mita 10 nyuma anaangalia samaki. Kwa kaida yoyote ya hesabu huyu anapiga mbizi peke yake. Akigawa hewa katika mita 28 kwa mgeni anayetumia lita 40 kwa dakika, geji yake hushuka mbele ya macho yake, na bado wapo watatu wa kukusanya. Rai zote tulizozipima, ya Florida na ya Uingereza na hata ya wanaoutegemea mdomo wa pweza, zikipelekwa kwake huafikiana: lita 3 ubavuni kushoto, koki wazi, geji imesomwa kwa sauti botini kabla ya mgeni wa kwanza kujitosa, na mtungi ule usihesabiwe katika hewa ya safari hata siku moja.